Miaka sita nimemlaumu bosi, kumbe nimemrithi

Leo sina somo la picha wala la kupandisha bei. Nina aibu yangu, naomba mnivumilie.

Wiki mbili zilizopita binti anayenisaidia kufungasha mizigo alinipigia saa kumi na mbili asubuhi, sauti imekauka. "Dada, nimepima jana usiku, nina malaria." Na mimi, bila hata pole, nikamjibu: "Sasa hizi oda za leo nani atafungasha?"

Akanyamaza. Nikakata simu nikarudi kupiga mswaki, halafu nikabaki nimesimama na povu mdomoni. Ile sentensi naijua. Niliwahi kuambiwa mimi, na msimamizi wangu, nikiwa na homa hivyo hivyo.

Wengi mnajua kabla ya kuuza viatu mtandaoni nilikuwa karani wa stoo kwenye kampuni moja kubwa hapa Dar. Nimeisema sana ile kampuni, hata humu. Leo niiseme kwa haki.

Nilichokipenda cha kwanza ni tarehe 25. Biashara ya kampuni iwe juu, iwe chini, tarehe 25 simu inaita mlio wa benki. Hata Januari, ule mwezi ambao sasa hivi wateja wangu wote wako kwenye ada na "nitakucheki" ndiyo jibu la kila mtu. Nilikuwa naona ni kawaida tu, kama maji ya bomba. Nilipoacha kazi ndipo nikajua kuna mtu alikuwa ananibebea hofu ya mwezi mbaya.

Halafu NSSF. Nilikuwa nanung'unikia makato kila nikiangalia slipu. Sikuwahi kukaa nikafikiri kwamba mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Nusu nyingine inatoka mfukoni mwake. Sasa hivi nusu zote mbili ni zangu, na kusema kweli mwaka wa kwanza wa biashara sikuweka hata mia. (Aliyejiajiri anaruhusiwa kujiunga. Mwenzenu nilichelewa, nyie msichelewe.)

Na likizo, siku 28 kwa mwaka na mshahara unaingia. Mara ya mwisho wewe unayeuza mtandaoni kupumzika siku tatu mfululizo bila kushika simu ilikuwa lini?

Sasa kilichonikimbiza. Watu hudhani ni hela. Hapana, hela ilikuwa ndogo lakini ilikuwa na adabu. Kilichonichosha ni kutosikika. Kuna katoni zilikuwa zinarudi kila wiki kwa sababu lebo za saizi mbili zilifanana rangi, wapakiaji wanachanganya. Nikamwambia msimamizi. "Nitaangalia." Nikamwambia tena. "Andika barua." Nikaandika, ikapanda ghorofani. Mpaka naondoka katoni zinarudi, na mimi ndiye niliyekuwa nazihesabu.

Kingine ni msiba. Nilipofiwa na baba mkubwa, aliyenilea na kunisomesha, niliomba ruhusa nikaambiwa hayumo. Sheria inataja mwenza, mtoto, mzazi, babu na bibi, mjukuu, na ndugu wa kuzaliwa. Baba mkubwa kwetu ni baba, ila kwenye karatasi ya ofisi hana nafasi. Sheria inaweka kiwango cha chini tu, haimkatazi bosi kuongeza. Wao waliishia kwenye karatasi. Nikazika Jumamosi, Jumatatu asubuhi nikawa stoo.

Basi nilipomaliza kuosha lile povu nikaitafuta Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Nilikuwa najidanganya kwamba hayo ni mambo ya makampuni. Wala. Ukiwa Tanzania Bara umeajiri hata mtu mmoja, inakuhusu. Mfanyakazi aliyemaliza miezi sita na akaleta cheti cha daktari ana haki ya siku 126 za ugonjwa ndani ya miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na zikizidi kila saa inalipwa mara moja na nusu. Binti yangu ana miezi tisa kwangu. Na mimi nilikuwa nimeshapanga kichwani kumkata siku zake za malaria.

Yaani ile kampuni ninayoitukana, nilipougua, ilinisema vibaya lakini ililipa. Mimi nilitaka kusema vibaya na nisilipe.

Nikampigia tena. Nikampa pole, nikamwambia alale mpaka apone, hela yake ipo palepale. Oda nikafungasha mwenyewe hadi saa sita usiku, na nne nikazikosea.

Aliporudi nikamkalisha nikamuuliza: kitu gani kinakukera kufanya kazi na mimi? Akacheka kwanza, akasema hakuna. Nikamng'ang'ania. Akasema, "Dada, unaposti viatu kabla hujaniuliza kama vipo. Mteja akilipa, mimi ndiye nampigia kumwambia vimeisha, mimi ndiye natukanwa. Nimeshakwambia."

Ameshaniambia kweli, na mara tatu. Najua na nilichomjibu. Nilimjibu "nitaangalia."

Jumamosi tulifunga kila kitu, hata WhatsApp nikaizima, tukamwaga mzigo wote sakafuni tukahesabu jozi kwa jozi. Yeye anaandika, mimi natafuta. Sandozi za saizi 38, zile nilizokuwa nawajibu wateja mwezi mzima kwamba zimeisha, tulikuta jozi kumi na moja nyuma ya maboksi ya raba. Sasa daftari la stoo analishika yeye, na kabla sijaposti namuuliza kwanza. Mshahara wake nimeuhamishia tarehe 25.