Kruger Kwanza, Serengeti Baadaye

Likizo ndefu inapokaribia, familia nyingi za Waafrika Mashariki hapa Sydney hujiuliza swali lile lile: watoto waliokulia Blacktown na Auburn wakamwone tembo wapi, na kwa njia gani? Wengi hulipia safari ya kampuni, wakabebwa na dereva wa kampuni kutoka hoteli moja hadi nyingine. Makala hii inatetea njia nyingine: kukodi gari lenye hema, kushika usukani wenyewe, na kuanzia Kruger, Afrika Kusini, kabla ya kwenda Serengeti. Wanyama wapo kote kuwili. Kinachotofautiana ni mpangilio, kwa sababu Kruger imepangwa kwa ajili ya mtu anayejiendesha, ilhali mbuga zetu zimepangwa zaidi kwa ajili ya anayeendeshwa.

Magari matatu ya kwanza ya watalii yaliingia Kruger mwaka 1927, na tangu hapo hifadhi hiyo yenye zaidi ya kilomita za mraba 19,000 imejengwa ikimfikiria mgeni wa namna hiyo. Barabara kuu ni za lami, na mwisho wa mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Kambi kubwa kama Skukuza, Lower Sabie na Satara zina uzio, duka, mafuta, mabafu na majiko ya kuchomea nyama. Jioni geti likifungwa, kila mtu awe ndani. Usiku fisi hupita kando ya uzio akifuata harufu ya nyama, na ni marufuku kumrushia hata mfupa, maana fisi aliyezoea kulishwa mwisho wake ni risasi. Ndani ya uzio msumbufu ni tumbili: mkate ukiachwa mezani, umekwenda. Kwa mkazi wa Sydney mambo mengine pia yanarahisika. Ipo ndege ya moja kwa moja hadi Johannesburg, magari hushika kushoto kama hapa, na likizo ya shule ya Julai huangukia msimu wa ukame wa huko, nyasi zikiwa zimekauka na wanyama wakikusanyika penye maji.

Serengeti ni habari nyingine. Kambi za umma za Seronera, kama Pimbi na Nyani, hazina uzio, na simba anaweza kupita kati ya mahema. Barabara nyingi ni za vumbi. Dereva wa Arusha anazijua njia, na huulizana na wenzake kwa redio simba wameonekana wapi. Mgeni mwenye ramani anabahatisha. Kuna pia suala la ada. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, mgeni mtu mzima hulipa Serengeti dola 70 za Marekani kabla ya kodi, kwa saa 24, katika msimu wa juu, ilhali raia wa Afrika Mashariki hulipa shilingi 10,000 za Tanzania. Mkenya aliyepata uraia wa Australia anaweza kubaki na pasipoti yake, kwa kuwa Katiba ya 2010 inaruhusu uraia pacha. Mtanzania hawezi, hivyo anaingia mbuga ya kwao kwa bei ya mgeni. Kruger, ada ya mgeni kwa siku iko chini sana ya hiyo, na mwenye pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC), zikiwemo Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hupunguziwa zaidi.

Wapo watakaosema pesa za diaspora ziende nyumbani, kwa wapishi na madereva wa Arusha. Hoja hiyo ni nzito, na ndiyo maana ninasema kwanza na baadaye, sisemi badala ya. Aliyekwisha jua kulala hemani atarudi Tanzania bila woga, na anaweza kuanzia Mikumi, ambako barabara kuu ya kwenda Zambia inakatiza hifadhini. Wengine watataja uhalifu wa Afrika Kusini. Uhalifu upo; dawa yake ni kutoendesha usiku na kulala karibu na uwanja wa ndege siku ya kwanza. Jambo linalosahaulika ni kurudi: nyati wa Kruger hubeba virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo, ambao Australia haina, kwa hiyo viatu na hema visafishwe matope na vitajwe kwenye fomu ya kuingia Australia.

Mpangilio huu unaweza kubadilishwa, na wa kuubadilisha ni wenye mbuga. Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA) wakizungushia uzio kambi mbili tatu za Seronera, wakaweka vibao vyenye namba njia panda, na serikali ikampa Mtanzania wa ughaibuni bei ya mwananchi, familia za Sydney hazitakuwa na sababu ya kupitia Johannesburg.