Malezi ya Mtoto Mzazi Mmoja Akiwa Kifungoni

Mzazi anayesalia nyumbani na watoto baada ya mwenziwe kuhukumiwa kifungo aghalabu hudhani kwamba haki ya malezi imemwangukia yeye peke yake kwa nguvu ya hukumu ile ile, na dhana hiyo humtuliza mpaka siku jamaa za mfungwa wanapobisha hodi na kumdai mtoto kwa jina la ukoo. Hapo ndipo humbainikia kwamba sheria ya Tanzania Bara haimvui mtu uzazi kwa sababu ya jinai, na kwamba anayetaka kukaa na mtoto pasipo kubughudhiwa hana budi kuwa na amri ya mahakama mkononi.

Amri hiyo huombwa kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo katika kifungu cha 37 humruhusu mzazi, mlezi au jamaa kupeleka maombi, na Mahakama ya Watoto ndiyo huyasikiliza. Madhali jamaa nao wametajwa, bibi au ami wa upande wa mfungwa ana haki ya kusimama mbele ya hakimu, wala asidharauliwe, kwani pengine mtoto amelelewa kwake tangu kuachishwa ziwa.

Hakimu hupima maslahi ya mtoto kabla ya ubaya wa mfungwa. Hutazama umri na jinsia ya mtoto, husikiliza matakwa yake iwapo ameyanena kwa hiari, huchelea kuwatenga ndugu, na huona kheri malezi yaliyokwisha zoeleka yasikatizwe bila ya sababu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125, huongeza dhana kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 ni kheri akae na mamaye. Illa dhana hiyo yaweza kupingwa kwa ushahidi, na kifungo kirefu cha mama ni ushahidi wenye uzito, ijapokuwa sheria ya magereza huruhusu mtoto anyonyaye kuingia gerezani pamoja na mamaye mpaka aachishwe ziwa.

Kwa hiyo hati ya kiapo iliyosheheni maovu ya mfungwa humfaa mwombaji kidogo kuliko ile inayoeleza ni nani amwamshaye mtoto asubuhi, anasoma wapi, ada na dawa hulipwa na nani, na mwombaji akiwa kazini hubaki na nani. Hayo ndiyo mambo ambayo afisa ustawi wa jamii, akiagizwa na mahakama, atafika nyumbani kuyahakiki. Jinai yenyewe huwa na uzito mkubwa pale inapomgusa mtoto: aliyemdhuru mtoto au kumjeruhi mzazi mwenziwe hatazamwi sawa na aliyefungwa miezi michache kwa kosa la barabarani, na mahabusu anayengoja kesi yake bado hajatiwa hatiani.

Mfungwa naye lazima aarifiwe. Wito hupelekwa kwa mkuu wa gereza ili amfikishie, naye ana haki ya kujibu. Mwombaji anayeificha mahakama mahali alipo mwenziwe, akitumaini kumaliza upesi, hujitafutia amri iliyo rahisi kutenguliwa.

Wala amri ya malezi haikati nasaba: mahakama yaweza kumpa mfungwa nafasi ya kuonana na mtoto, au kuizuia iwapo ina madhara. Hali ikibadilika sana, mathalan kifungo kikiisha, aweza kuomba amri ipitiwe upya, na siku hiyo mwenye amri ataulizwa mtoto ameishije tangu alipokabidhiwa. Basi ripoti za shule, kadi ya kliniki na stakabadhi za ada ni vya kuhifadhiwa tangu mwanzo.