Siku zinazomdanganya mgonjwa wa kifafa

"Sista, niliacha vidonge siku nne nzima na sikuanguka. Si nimepona?"

Muuguzi wa kliniki ya kifafa anayajua maneno haya, na anayeyasema hasemi uongo. Aliacha kweli, hakuanguka kweli, tena ataongeza kwamba kichwa kimekuwa chepesi na ule usingizi wa mchana umemwisha. Kinachomponza ni tabia ya dawa yenyewe, fenobabitoni.

Dawa hii ni kongwe. Mwaka 1912 daktari kijana wa Ujerumani, Alfred Hauptmann, alikuwa akiishi jirani na wodi ya wagonjwa wa kifafa, na vishindo vya usiku vilimnyima usingizi. Akawapa fenobabitoni ili walale. Walilala, lakini aliona pia kwamba mashambulio yalipungua hata mchana. Miaka karibu hamsini baadaye, Mahenge wilayani Ulanga, daktari mwenye asili ya Norwei, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa akiitegemea dawa hiyohiyo. Bado ni tegemeo la vituo vingi vya vijijini, kwa sababu ni ya bei nafuu na humezwa mara moja tu kwa siku.

Inatosha mara moja kwa sababu mwili huitoa polepole mno. Kwa mtu mzima, kiasi kilichomo katika damu huchukua siku tatu hadi nne kupungua hadi nusu. Mpigie hesabu mgonjwa wetu. Kidonge cha mwisho alimeza Jumatatu. Ijumaa, siku anapojisifu, nusu ya dawa bado imo mwilini ikimlinda. Jumanne inayofuata imebaki robo. Ubongo uliozoea kutulizwa unakaribia kubaki bila kinga, na shambulio likija sasa laweza kuwa baya kuliko yote aliyowahi kupata: degedege linalofuatana na jingine bila fahamu kurudi katikati. Basi usimwambie tu kwamba kuacha dawa ni hatari, maana ameshajionea kwa macho yake siku nne za salama. Mweleze siku hizo zilitoka wapi.

Hesabu hiyo ipo pia wakati wa kuanza. Fenobabitoni huchukua wiki mbili hadi tatu kufikia kiwango chake katika damu. Mgonjwa akianguka siku ya sita, nyumbani watasema dawa imeshindwa, na mhudumu mwenye haraka ataongeza dozi. Wiki ya tatu analetwa akiyumba na kusinzia mezani, na hapo dawa inalaumiwa kwa kosa letu. Nawaomba wenzangu uvumilivu hapa kuliko mahali pengine popote. Familia iambiwe tangu siku ya kwanza kwamba anaweza kuanguka tena kabla dawa haijakolea. Na mtoto anayeitumia si lazima asinzie. Wengine huwa watundu kupita kiasi, na mzazi akisema hivyo aandikiwe kwenye kadi.

Kabamazepini ni tofauti: huondoka upesi, hivyo hugawanywa asubuhi na jioni, na kuiruka siku moja kuna uzito. Upele ukitokea wiki za mwanzo, hasa wenye malengelenge au vidonda vya mdomo, mgonjwa aonwe na daktari siku hiyohiyo. Fenitoini ina hila yake. Ini likifika ukomo wa uwezo wake wa kuivunja, nyongeza ndogo ya dozi hupandisha sana kiwango katika damu, mgonjwa akaanza kuyumba na macho kucheza.

Liko jambo jingine la ini ambalo kliniki zetu hulisahau kwa kuwa liko chumba cha pili. Fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini zote tatu huliamsha ini livunje dawa nyingine kwa kasi. Mama anayemeza vidonge vya majira au aliyewekewa kijiti anaweza kushika mimba hali anaamini amejikinga. Kitanzi hakiguswi na jambo hili, na sindano ya miezi mitatu nayo ni ya kutegemewa. Anayetumia ARV yenye dolutegravir pamoja na kabamazepini huhitaji dolutegravir mara mbili kwa siku. Valproeti hailiamshi ini namna hiyo, lakini humdhuru mtoto tumboni: karibu mmoja kati ya kumi huzaliwa na kasoro za maumbile, na wengi zaidi hupata shida ya akili na kujifunza. Msichana na mwanamke wa umri wa kuzaa wasianzishwe dawa hii ikiwa ipo nyingine ya kuwafaa. Na ambaye tayari anaitumia asiiache ghafla, apelekwe kwa daktari abadilishiwe.

Mgonjwa akidegedega zaidi ya dakika tano, mpe diazepamu kwenye mshipa, au njia ya haja kubwa kama mshipa haupatikani. Usiichome kwenye msuli. Hufyonzwa taratibu na bila uhakika. Pima sukari, na uangalie anavyopumua.

Turudi kwa aliyeacha dawa. Muulize sababu kabla ya kumkemea. Ikiwa ni usingizi shambani, huenda anameza asubuhi, ahamishie usiku. Ikiwa anadhani muda wake umekwisha, mwambie kwamba baada ya miaka miwili bila kuanguka daktari anaweza kuanza kuipunguza kwa miezi kadhaa. Ikiwa ni nauli, au aliambiwa zahanati imeishiwa, hapo lawama si yake. Vidonge vya miligramu 30, viwili kila usiku, ni 60 kwa siku thelathini. Anayetoka mbali mpe 74, ili mvua ikikata barabara wiki ya kurudi kliniki, Jumanne ile imkute bado ana dawa mkononi.