Kabla kiwanda hakijavunjwa, kiandikwe

Aliyekulia pwani kabla ya simu za mkononi anayajua mawe ya tochi. Mvuvi wa usiku hakuondoka bila mawe hayo, na mzee barazani aliweka jozi ya akiba ili redio isimzimikie katikati ya taarifa ya habari. Mengi yalitoka Nakuru, katika kiwanda cha Eveready kilichofunguliwa mwaka 1967. Mwaka 2014 kampuni ilikifunga, ikaamua kuuza betri zinazoletwa kutoka nje. Betri za bei rahisi zilizojaa sokoni zilikuwa zimekishinda.

Nakuru ni mji wa reli na viwanda. Reli iliyoanzia kwetu Mombasa ilifika huko mwaka 1900, na baadaye mji ukajulikana ulimwenguni kwa pareto, ua linalotolewa dawa ya kuua wadudu. Desemba 2021 Nakuru ikatunukiwa hadhi ya jiji. Jiji likikua, ardhi hupanda bei, na banda la kiwanda lililonyamaza huonekana kama kiwanja tu.

Je, sheria inalinda majengo ya namna hii? Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo kuwa turathi kupitia gazeti rasmi la serikali. Lakini inapofafanua vitu vya kale vya kuhamishika, inataja vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895. Mashine ya mwaka 1967 haimo. Jengo lisipotangazwa, mwenyewe akishapata kibali anaweza kulibomoa.

Wala si lazima kila banda la mabati lihifadhiwe. Kuhifadhi jengo ni jambo moja, kuliandika ni jingine, na hili la pili lina gharama ndogo. Marekani wana mpango wa kitaifa wa kuandika kumbukumbu za viwanda, madaraja na mitambo tangu mwaka 1969. Mengi ya yaliyoandikwa yamekwisha kuvunjwa, lakini michoro na picha zipo.

Kazi yenyewe huenda hivi. Kwanza jengo hupimwa na kuchorwa. Pili hupigwa picha, nje na ndani, pakiwa na kijiti cha vipimo ili ukubwa ujulikane. Tatu, na hapa ndipo wengi hukosea, huandikwa mwendo wa kazi. Jiwe la tochi lina kikopo cha zinki, kijiti cha kaboni katikati, na unga mweusi wa manganizi. Picha ya ukumbi mtupu haikuambii unga ulichanganywa wapi, nani alifunga vifuniko, wala mabovu yalitupwa wapi. Anayejua ni mfanyakazi. Basi aketishwe na kinasa sauti, ikiwezekana mle mle kiwandani, maana mahali hukumbusha.

Hili si la kumbukumbu tu. Vumbi la manganizi likivutwa kwa wingi kwa miaka mingi linaweza kudhuru neva. Mahali palipowekwa kemikali panafaa kujulikana kabla hapajajengwa nyumba za watu. Na daftari za mishahara zikichomwa pamoja na takataka, mstaafu anayefuatilia haki yake atashika nini mkononi?

Nasi wa pwani tusijione tuko mbali. Mji wa Kale wa Mombasa una ofisi ya uhifadhi, na Lamu imo katika orodha ya UNESCO tangu mwaka 2001. Lakini kiwanda cha sukari cha Ramisi kilichofungwa mwaka 1988, au kile cha korosho cha Kilifi, nani ameviandika? Tunatunza milango ya nakshi, tunasahau mahali walipofanya kazi baba zetu.

Kaunti ndizo zinazotoa vibali vya ujenzi. Ziweke sharti moja: anayetaka kuvunja kiwanda cha zamani alete kwanza michoro, picha na sauti za waliofanya kazi humo, nakala moja ibaki kwa kaunti na nyingine iende kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wenye habari bado wako hai, lakini kila mwaka wanapungua.