Ukurutu: Ugonjwa Unaotaka Mafuta na Uvumilivu

Katika familia nyingi mambo huanza hivi. Mtoto wa miezi mitano anatokwa na vipele mashavuni. Usiku halali, anajisugua uso kwenye shuka, na mama naye halali. Jirani anasema ni joto. Bibi anasema maziwa ya mama yana kasoro. Dukani anapewa krimu "kali", na kweli vipele vinatoweka kwa wiki moja. Krimu ikiisha, vinarudi. Mama ananunua nyingine, na nyingine. Baada ya miezi mingi ngozi ya uso wa mtoto imekuwa nyembamba, na ugonjwa bado upo.

Ugonjwa huo ni ukurutu, ambao wengi wetu huuita pumu ya ngozi. Mwezi huu tuuangalie kwa utaratibu, kwa sababu hutulizwa kwa vitu rahisi, na huharibiwa zaidi na dawa zinazotumiwa bila mpango.

UKURUTU NI NINI?

Ngozi yenye afya ni kama ukuta uliopigwa lipu vizuri. Maji ya mwilini hayapotei ovyo, na vumbi, sabuni na vijidudu haviingii. Kwa mwenye ukurutu lipu hiyo ina nyufa. Ngozi hukauka, huvimba na kuwasha. Mgonjwa akijikuna, nyufa huongezeka. Nyufa zikiongezeka, mwasho nao huzidi.

Mara nyingi husemwa kwamba ngozi yenye ukurutu huwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani wazi. Tazama badala yake sehemu iliyokuwa nyeusi zaidi, ya kijivu au ya zambarau, vipele vidogo kwenye vinyweleo, au ngozi nene iliyokakamaa. Ukurutu ukitulia huweza kuacha madoa meusi au meupe. Madoa hayo hufifia polepole kwa miezi, wala hayahitaji krimu ya kung'arisha ngozi.

Ukurutu hauambukizi. Mtoto mwenye ukurutu anaweza kulala kitanda kimoja na ndugu zake, kukaa dawati moja na wenzake na kupeana mkono na kila mtu. Si uchawi, wala si dalili kwamba nyumba ni chafu.

AINA ZA UKURUTU

1. Pumu ya ngozi. Hii hufuata ukoo. Mara nyingi utakuta mzazi au ndugu ana pumu ya kifua au mafua ya mzio. Huanza utotoni, kwa kawaida kabla ya miaka mitano. Kwa mtoto mchanga hushika mashavu. Kwa mkubwa hushika mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti, shingo na vifundo vya mikono. Watoto wengi hupata nafuu kadiri wanavyokua.

2. Ukurutu wa kugusa. Huu hutokana na kitu kinachoigusa ngozi. Mama anayefua kila siku hupasuka mikono kwa sabuni na maji. Fundi mwashi hupata ukurutu kwa saruji mbichi, ambayo huchoma ngozi, na tena ina kemikali ya kromu iletayo mzio. Hereni, saa na vifungo vya mkanda vyenye madini ya nikeli huacha vipele pale vinapogusa. Piko nyeusi ya kupambia mikono, inayotengenezwa kwa rangi ya nywele, imewatoa wengi malengelenge. Dawa ya aina hii ni kukitambua kitu hicho na kukiepuka.

3. Ukurutu wa sehemu zenye mafuta. Hushika kichwa, nyusi, pembeni mwa pua na kifua, ukiwa na magamba ya manjano. Mba ni ndugu yake mdogo. Kwa mtoto mchanga mara nyingi hupona wenyewe. Kwa mtu mzima, ukitokea ghafla na kuenea sana, ni vema kupima virusi vya UKIMWI, maana huweza kuwa dalili ya kinga iliyopungua, na matibabu mazuri yapo. Aina hii hutibiwa kwa dawa ya fangasi, kama vile ketokonazoli.

4. Ukurutu wa miguu. Huwapata hasa wazee wenye mishipa iliyovimba miguuni. Ngozi juu ya vifundo huwa nyeusi, huwasha, na hatimaye huweza kufanya kidonda kisichopona upesi. Huhitaji kuinua miguu na kufungwa bandeji ya kubana, baada ya daktari kupima mzunguko wa damu.

MATIBABU NYUMBANI

Tiba ya kwanza ni mafuta, nayo huendelea hata siku ambazo ngozi ni nzuri. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato ni ya bei nafuu na yanafaa sana. Paka angalau mara mbili kwa siku.

Mwogeshe mtoto kwa maji ya uvuguvugu, kwa muda mfupi, dakika tano hadi kumi. Usimsugue kwa dodoki. Sabuni isiyo kali itumike kwapani, sehemu za siri na miguuni tu. Mfute kwa kumgusagusa na taulo, kisha umpake mafuta mara moja, ngozi ikiwa bado na unyevu.

Mkate kucha, na umvalishe nguo za pamba. Suuza vizuri nguo zake ili sabuni isibaki. Vidonge vya Piriton haviondoi ukurutu; humfanya mtu asinzie tu.

Usimnyime mtoto mayai, maziwa au samaki kwa kukisia, wala mama anayenyonyesha asijinyime. Watoto wamedhoofika kwa njia hiyo bila ngozi kupona. Apate pia chanjo zake zote za kliniki.

KRIMU ZA STEROIDI

Ngozi inapowaka, mafuta peke yake hayatoshi. Hapo hutumika krimu ya steroidi. Ni dawa nzuri ikitumiwa ipasavyo, kwa hiyo msiiogope. Lakini lazima mjue nguvu yake. Haidrokotisoni ya asilimia 1 ni hafifu, nayo ndiyo hutumika usoni na kwenye mikunjo. Betamethasoni ni kali. Klobetasoli ni kali kuliko zote. Haifai kwa uso wala kwa mtoto bila usimamizi wa daktari. Kwa bahati mbaya ndiyo hiyo inayofichwa katika krimu nyingi za kujichubua.

Kipimo ni hiki: dawa inayofunika ncha ya kidole cha mtu mzima, hadi kiungo cha kwanza, inatosha eneo la viganja viwili. Paka mara moja au mbili kwa siku kama ulivyoelekezwa, hadi ngozi itulie, kwa kawaida wiki moja hadi mbili. Kisha rudi kwenye mafuta. Steroidi kali ikipakwa kwa miezi huifanya ngozi kuwa nyembamba, huleta michirizi na chunusi, na karibu na macho huweza kudhuru uwezo wa kuona.

USICHANGANYE NA HAYA

Kama nyumba nzima inawashwa usiku, na vipele viko kati ya vidole, huo huenda ni upele, unaoambukiza. Watu wote wa nyumbani watibiwe siku moja. Choa nacho huwa na mduara wenye ukingo wa magamba. Steroidi hukificha na kukieneza, kwa hiyo hakikisha kwanza ni ugonjwa gani.

NENDA HOSPITALI UPESI

Ukiona usaha au maganda ya manjano, mgonjwa apelekwe kutibiwa. Vikitokea vidonda vidogo vya mviringo vinavyofanana, vyenye maumivu, pamoja na homa, nenda siku hiyo hiyo. Hivyo huweza kuwa virusi vya malengelenge ya mdomoni vilivyoingia kwenye ukurutu, na huhatarisha maisha ya mtoto.

Ukurutu usiotulia upelekwe kwa mganga wa magonjwa ya ngozi. Tanzania ina kituo cha kufundisha waganga hao katika Hospitali ya KCMC, Moshi, tangu mwaka 1992, na wahitimu wake wanatumika katika mikoa mingi.

Ndugu mzazi, hakuna krimu inayong'oa pumu ya ngozi kwa wiki moja, na anayekuahidi hivyo anakuuzia hasara. Lakini kopo la mafuta linalopakwa asubuhi na jioni, na dawa sahihi kwa siku zake, humrudishia mtoto usingizi, na mama yake pia.