Je, Wajua? Kalori na Mazoezi Huangpu

Je, wajua kwamba biskuti za dukani Huangpu, wilaya ya bandari mashariki mwa Guangzhou, huandikwa nishati yake kwa kilojuli? Gawanya kwa 4.2 upate kalori: kilojuli 2,100 ni kalori 500.

Je, wajua kwamba hesabu hiyo mara nyingi ni ya gramu 100 tu? Pakiti ikiwa na gramu 200 na ukaimaliza, zidisha mara mbili.

Je, wajua kwamba Wachina hutaja uzito kwa jin, yaani nusu kilo? Mwenye jin 140 ana kilo 70.

Je, wajua kwamba China humhesabu mtu mzima kuwa na uzito uliozidi anapofikisha BMI (kipimo cha uzito kwa kulinganisha na urefu) ya 24, na mnene kupita kiasi anapofikisha 28? Viwango vya Shirika la Afya Duniani ni 25 na 30.

Je, wajua kwamba gramu 1 ya mafuta ina kalori 9, na ya wanga au protini 4? Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina takriban 120. Kwa hiyo samaki wa kupikwa kwa mvuke, wanaopendwa sana na Wakantoni wa Guangzhou, wana kalori chache kuliko wa kukaanga.

Je, wajua kwamba chai ya Kichina isiyo na sukari haina kalori za kuhesabika? Vikombe vinne vya chai yetu, kila kimoja vijiko vidogo vitatu vya sukari, vinakupa karibu 190 kabla hujaongeza maziwa.

Je, wajua kwamba mtu wa kilo 70 akitembea saa nzima kwa mwendo wa kilomita 5 hutumia takriban kalori 250? Vijiko viwili vikubwa vya mafuta huzirudisha karibu zote. Anza na sahani, kisha tembea.

Je, wajua kwamba mwongozo wa lishe wa China wa 2022 unahimiza hatua 6,000 kwa siku? Huangpu kuna pa kwenda: Kisiwa cha Changzhou, kilipofunguliwa chuo maarufu cha kijeshi mwaka 1924, na Hekalu la Mungu wa Bahari ya Kusini, lililoanzishwa mwaka 594.

Je, wajua kwamba mwili ukipungua, mahitaji yake nayo hupungua? Mizani ikigoma, usijishindishe njaa. Piga hesabu upya. Mjamzito, na mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa, aanze kwa daktari.