Askari Arudipo Nyumbani

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, askari wa Keya walianza kurudi makwao. Miongoni mwao walikuwamo watu wa Iringa na Mbeya. Kikosi cha Keya kilikuwa kimepigana Uhabeshi, Bukini na Burma.

Askari alirudi na vitu viwili: fedha na ujuzi. Fedha ilikuwa akiba ya mshahara wake, na mwenye kuitumia ovyo aliimaliza upesi. Lakini ujuzi haukwisha. Jeshini wengine walikuwa wamejifunza kuendesha motokaa, wengine useremala, wengine kuuguza wagonjwa, na wengine kusoma na kuandika. Basi aliyejua motokaa aliweza kutafuta kazi ya udereva katika barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Iringa hata Mbeya. Seremala aliweza kutengeneza milango na meza kijijini kwake.

Walakini jambo moja lilikuwa gumu. Jeshini tarumbeta humwamsha askari, na mkubwa wake humwamuru la kufanya. Nyumbani hapana tarumbeta, na mvua za Desemba hazimngoji mtu. Aliyekaa akingoja amri, shamba lake liliota magugu. Aliyejiamuru mwenyewe alivuna.